Jino Halijui Ngazi

Jumanne, 4 Machi

Daktari kaniambia niandike. Kila kifua kinapobana niandike nilikuwa nafanya nini, na kilinibana kwa muda gani. Nimemwambia mimi ni dobi, si karani. Akacheka, akasema niandike hivyo hivyo kidobi.

Haya. Leo asubuhi kimebana nikiwa na beseni la mashuka mabichi, napanda ngazi kwenda kuanika. Si kichomi. Ni kama mtu mnene amenikalia kifuani na hana haraka ya kuondoka. Kisha uzito ukashuka mkono wa kushoto mpaka kwenye kidole cha mwisho. Nilipokaa, yule mtu akainuka akaenda zake.

Jina lake anjina. Daktari ni msichana wa rika la binti yangu, lakini anaongea na mtu mzima kwa adabu. Kanichorea moyo nyuma ya karatasi. "Moyo nao ni mfanyakazi, mama, lazima ule. Mishipa inayoulisha imejaa mafuta, njia imekuwa nyembamba. Ukikaa, kidogo kinachopita kinautosha. Ukipanda ngazi na mzigo, unaomba zaidi, haupati, unalia."

Nikamuuliza kama ndiyo utakufa.

"Kulia si kufa. Ila ukiusikia unalia, usijifanye kiziwi."

Kanipa vidonge vya kumeza kila siku, na chupa ndogo ya vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Kikibana, niache kazi, nikae, niweke kimoja, nisimeze. Kisipoachia baada ya dakika tano, cha pili. Kikikaidi tena, nisiseme ngoja kwanza, niende hospitali. Pia anataka kunipeleka hospitali kubwa wapitishe waya mpaka kwenye mshipa, waupanue. Nimesema baada ya mvua. Wakati wa mvua nguo hazikauki, kazi inalundikana, na sisi tuko wawili tu.

Mdogo wangu sijamwambia.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza. Kifua mara moja, ngazini. Nimeweka kidonge. Kifua kikaachia, kichwa kikashika zamu. Daktari alinionya kuwa kitauma.

Jumamosi, 8 Machi

Kama naandika, bora niandike vizuri.

Chumba chetu cha kazi kiko chini, kinatazama uani. Kuna makarai manne, pipa la maji ya moto na meza ndefu ya pasi iliyoungua pembeni. Kuanika ni juu ya paa, ghorofa tatu, na ngazi ni za nje, za saruji, hazina pa kushika upande mmoja. Tunafulia nyumba mbili za wageni na hospitali ndogo ya mama wajawazito. Mama yetu alifanya kazi hii hapa hapa. Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu, na sote mikono yetu inanuka sabuni hata siku ya mapumziko.

Mdogo wangu tunamwita Redio. Akiamka ameshawashwa. Anaongea akifua, anaongea akikamua, anaongea na pini za kuanikia kinywani. Mumewe ni fundi saa, ana kibanda chake kwenye barabara yetu, na sidhani nimewahi kumsikia akisema maneno kumi kwa mkupuo. Yeye hukutazama kupitia ile lenzi ya jichoni kama anatafuta gurudumu lako lililolegea. Miaka yote nimejiuliza mdogo wangu alimpendea nini.

Jumatano, 12 Machi

Redio kaniambia, "Dada, siku hizi unapanda ngazi kama bibi harusi. Hatua, pumzi, hatua, pumzi. Bwana harusi yuko wapi?"

Nikamwambia ni gesi.

"Gesi ya kilo ngapi?"

Nimecheka mpaka kikabana. Hata kucheka!

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mashuka hayajakauka.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Hayajakauka.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimeumbuka.

Palikuwa na upepo wa baridi, nami nilikuwa nimetoka kula nikashiba. Daktari alinikataza kubeba kitu baada ya shibe, lakini wingu lilikuwa limepasuka kidogo nikataka kuwahi jua. Katikati ya ngazi yule mnene akanikalia kwa nguvu zote. Beseni likanitoka. Mashuka ya wajawazito yakateremka ngazi nzima mpaka kwenye tope, nami nikakaa pale pale, kifuniko cha chupa hakifunguki.

Redio akaja mbio. Alikifungua yeye. Akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, akasoma tena. Mara ya kwanza maishani nikamwona hana la kusema. Kidonge kilipoyeyuka na rangi yangu kurudi, sauti yake nayo ikarudi.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama alikuwa akisema hivyo kila siku, wewe masikio ulikuwa umemwazima mtu?"

"Nani angepanda huku kama ningesema?"

"Mimi! Miguu yangu ya mapambo? Kuanzia leo huku juu hupandi. Utapiga pasi, utakunja, utapokea wateja. Ukikanyaga ngazi hii nitakushusha kwa masikio, na ukubwa wako huo."

Alipokwenda kuyasuuza yale mashuka upya nilimsikia analia chini ya sauti ya maji.

Jumanne, 25 Machi

Sijapanda. Kifua kimetulia, kimebana mara moja tu nilipogombana na mtu wa nyumba ya wageni juu ya doa la chai.

Lakini nafanywa yai. Redio katangaza mtaa mzima. Wateja wanaingia wananitazama kifuani kabla ya kunisalimia. Mmoja kaniletea kitunguu saumu, mwingine kaniambia shangazi yake alikuwa na tatizo hili hili, "akafa vizuri tu." Redio sasa ndiye anayepanga kazi, anayenipangia na muda wa kukaa. Nilimfundisha mimi kukamua shuka. Leo kanifundisha kukaa kwenye kiti.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Redio anaumwa jino. Anaongea kashika shavu, kwa hiyo tunapata nusu ya habari.

Jumatatu, 7 Aprili

Shemeji, mume wa Redio, kapita kazini kwetu, kasimama mlangoni na mwavuli, hakuingia.

"Shemeji, mke wangu jino linamsumbua. Kwa daktari wa meno hataki. Wewe anakusikiliza."

Akaondoka. Maneno kumi na mawili, nimeyahesabu kwa ushabiki. Nilimwambia Redio akaling'oe, maana kunung'unika hakuondoi jino.

Jumatano, 9 Aprili

Limeng'olewa. Chini, upande wa kushoto. Kalileta kwenye kitambaa kunionyesha. Jino zima, jeupe, halina hata tundu. "Daktari wa meno naye kashangaa," kasema kwa mdomo uliovimba. "Lakini nilimwambia linauma, akaniamini mimi."

Jumapili, 13 Aprili

Binti yangu kaja. Ni mwalimu, huja na daftari za wanafunzi asahihishe huku akinichunga. "Mama, hospitali kubwa unakwenda lini?" Baada ya mvua. "Na mvua ikikataa kwisha?" Nikamwambia mvua zote huisha.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Hayajakauka. Tumewasha majiko ya mkaa chumbani, tumeweka kamba juu yake. Kila kitu kinanuka moshi.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua iliacha kwa saa chache, Redio akapandisha mashuka. Nilikuwa napiga pasi dirishani, ngazi naiona yote. Alipofika inapokata kona akaweka beseni chini, akashika taya. Akakaa kidogo, akaendelea.

Aliposhuka nikamuuliza, "Bado?"

"Kidonda cha jino, dada. Hakijapona."

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimemwangalia kwa makusudi. Kupanda na mzigo: kasimama mara mbili, mkono tayani. Kushuka: hakusimama. Kukamua shuka zito la kitanda kikubwa: mkono tayani. Kukaa, kunywa chai ya moto, kutafuna mkate mkavu kwa upande ule ule: hakushika kitu.

Nikazima pasi.

"Njoo ukae. Likiuma, linaanzaje?"

"Linabana. Kama mtu kanishika taya kwa koleo. Mara nyingine linashuka shingoni."

"Linaacha lini?"

"Nikikaa." Alikuwa anachambua soksi, hata hakunitazama.

"Ukitafuna?"

"Nikitafuna haliumi."

"Mdogo wangu, jino halijui ngazi. Jino la kweli lingekuuma ukiwa umelala, lingekuuma ukinywa chai. Hili linauma moyo unapofanya kazi, ukipumzika linaacha. Ni hili langu, limehamia kwako tu likachagua mlango mwingine. Daktari aliniambia, wengine huwapata tayani, wengine mgongoni, na mara nyingi ni sisi wanawake. Na aliniambia ndugu wa damu waangaliwe."

Alicheka kwanza. Kisha akaniona sicheki.

"Wewe sasa umepata ugonjwa wenye jina unataka kuugawa kama mkate. Mimi ni mzima! Nani anabeba hapa? Nani anapanda?"

"Ndiyo maana linakuuma."

"Basi nikae na mimi? Tukae wote wawili kwenye viti, tutazamane, mashuka yajifue?"

Nikawasha pasi tena. Tulifanya kazi mpaka jioni bila kusemezana, nami nilikuwa nasikia kila tone linaloanguka kwenye karai.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda kibandani kwa shemeji. Alikuwa na saa imefunguliwa tumbo. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akaitoa lenzi jichoni akaishika mkononi.

"Tumeng'oa jino zima," akasema.

"Ndiyo."

"Kesho nampeleka."

Jioni Redio kanivamia. "Umenishtaki kwa mume wangu!" Kesho hawezi, Ijumaa hawezi, nyumba ya wageni ina kundi kubwa la watu. Jumatatu atakwenda, kala kiapo. Shemeji alisimama nyuma yake, akapandisha mabega kama asiye na la kufanya. Nilimvuta pembeni nikamwambia amburute tu.

"Nikimburuta hatasema nami mwezi mzima, shemeji."

"Na asiseme!"

Alitabasamu kidogo. "Nyumba ile bila maneno yake, mimi naishije?"

Tukakubaliana Jumatatu. Nimempa Redio amri ya kutopanda. Mashuka yote yatakauka kwa mkaa, yanuke moshi, wageni wavumilie.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika kwa sababu mkono unataka kazi.

Ijumaa mchana tulikuwa tumekaa tunakula. Hakuwa amepanda. Hakuwa amebeba kitu. Alikuwa anasimulia habari za mteja aliyesahau meno ya bandia mfukoni mwa suruali, anaigiza mdomo wa mteja, mara akanyamaza.

"Dada, limekuja. Na nimekaa."

Nilijua. Daktari aliniambia: siku litakapokuja umekaa, hilo si lile ulilolizoea. Jasho lilimtoka usoni kama aliyemwagiwa maji, na rangi ikawa ya jivu. Nikamketisha sakafuni, mgongo ukutani, nikamwekea kidonge changu chini ya ulimi. "Usimeze." Nikamtuma mtu wa duka jirani kumwita shemeji, nikamwomba muuza rangi wa barabara yetu alete gari lake la mizigo. Kidonge cha pili. Hakikuachia. Alishika kifua sasa, si taya.

Tulimlaza nyuma ya gari, kichwa mapajani mwa shemeji, turubai juu yetu, mvua inalipiga. Njia ilikuwa imejaa maji, gari linatembea kama linapapasa. Na Redio anaongea. Mashuka ya kundi la wageni hayajapigwa pasi. Foronya ziko kwenye kikapu cha bluu, nisizichanganye na za hospitali. Pini zinaisha. Shemeji anasema, "Nyamaza, mama, pumzika," naye anaendelea. Kisha akamtazama mumewe, akasema, "Wewe hujala," na hapo akaacha.

Alikuwa hai tulipofika. Nataka hili liandikwe. Walimpokea mlangoni, daktari wangu yule msichana alitoka mbio hata viatu hakuvaa. Tulikaa kwenye benchi. Baadaye akatoka, akachuchumaa mbele yetu, hakutaka kutusemesha akiwa amesimama. Mshipa mkubwa ulikuwa umeziba kabisa. Walijaribu. Walijaribu tena.

Shemeji alisema, "Asante, daktari." Akaushika mwavuli wake, akatoka nje, hakuufungua.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumemzika. Mvua.

Jumanne, 6 Mei

Chumba cha kazi kimefungwa tangu siku ile. Leo nimekifungua. Foronya zilikuwa kwenye kikapu, zimeota ukungu.

Shemeji akaja, akaingia ndani. Hakuwa na salamu.

"Ulijua lini?"

"Jumanne. Nilikuja kwako Jumatano."

"Kabla ya hapo. Wewe ndiye mgonjwa, wewe ndiye uliyeelezwa na daktari. Alishika taya wiki tatu mbele yako. Hukujua?"

"Sikujua."

"Ulimwambia akang'oe jino."

"Wewe ndiye uliniomba nimwambie!"

Tulipiga kelele. Sikuwahi kuisikia sauti yake kwa ukubwa huo, ni nene, inatetemeka mwishoni. Nikamwambia yeye ndiye aliyelala naye kitanda kimoja. Nilimwambia yeye anaona vumbi ndani ya saa na mke wake hamwoni. Nilikuwa bado nasema kifua kilipobana, kikabana kweli, nikashika meza ya pasi nikateleza mpaka chini.

Alikitoa kidonge yeye. Vidole vile vinavyoshika parafujo kama mbegu ya haradali havikutetemeka. Akakaa sakafuni pamoja nami, kanishika mkono kwenye mshipa, akatazama saa yake mpaka nikaanza kupumua.

Ndipo akaniambia. Alhamisi ile, siku moja kabla, alifunga kibanda akaenda kwa daktari peke yake kuomba nafasi. Wakampa Jumatatu, mgonjwa wa kwanza, saa mbili asubuhi. Hakumwambia mkewe asije akatafuta sababu.

"Saa mbili asubuhi tulikuwa tunachimba," akasema.

Nimekaa naye mpaka mvua ikapungua. Nilimdhania mtu baridi. Miaka yote hiyo.

Jumapili, 11 Mei

Binti yangu hakuleta daftari. Kanikalia mbele, magoti kwa magoti.

"Mama, unakwenda hospitali kubwa."

"Baada ya—"

"Mvua ipi tena, mama? Ipi?"

Nimekubali.

Jumatano, 14 Mei

Naogopa. Naandika tu ili lisibaki kifuani, nafasi huko ni ndogo.

Jumatano, 21 Mei

Wamepitisha waya mkononi, kwenye kiganja kinapoungana na mkono. Nilikuwa macho. Kwenye kioo niliuona moyo wangu, kivuli kinachoruka, na mishipa yake kama mizizi. Mmoja ulikuwa umebanwa katikati, uzi mtupu. Waliweka kibomba kidogo cha waya, wakakipanua, na damu nikaiona inapita, nyeusi, ikaenea mpaka ncha.

"Umeona, mama?" daktari kaniuliza.

Nimeona. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga pasi mashuka ya kitanda kimoja.

Kanionya nisidhani nimepona. Mishipa mingine nayo si mizuri. Vidonge kila siku, nisiruke hata kimoja. Nipunguze chumvi na mafuta. Nitembee kila siku, nianze polepole. Chupa ndogo isiniache. Na binti yangu naye apimwe. Kapimwa leo leo, nimesimama mlangoni mpaka walipomaliza.

Jumatatu, 2 Juni

Shemeji anakuja asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Hakuna aliyemwita. Anakamua shuka kama anamnyonga mtu asiyetaka kumuumiza, nusu ya maji inabaki. Sabuni imempasua vidole, nikamwambia vitaharibika, kazi yake ni ya vidole. Akasema vitazoea. Analeta saa ndogo za kike kutengeneza hapa hapa mezani mashuka yakichemka. Hatuongei sana. Wateja wakiingia wananong'ona, wakitoka ndipo wanaongea.

Ijumaa, 6 Juni

Hakuna mvua. Siku ya pili sasa.

Jumanne, 10 Juni

Jua. Daktari alisema nikiweza kutembea barabara nzima bila kubanwa, naweza kujaribu ngazi, mikono mitupu. Shemeji alikuwa bado anajaza beseni chini. Nikatangulia.

Nilipanda polepole. Kwenye kona nikasimama, nikangoja. Hakikuja. Nikaendelea. Nilifika juu, paa limekauka, jeupe, kamba tupu. Nikasimama katikati, mkono kifuani, nikimngoja yule mtu mnene. Nikavuta pumzi, nikavuta nyingine. Nilikuwa nimepanda ghorofa tatu na kifua changu kilikuwa kimya, kama kifua cha mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia hivyo kaburini. Redio naye angeweza kusimama hapa.

Shemeji alinisikia. Alipanda mbio, beseni mikononi, maji yanamwagikia miguuni.

"Shemeji! Kimebana? Chupa iko wapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Kaa chini. Kinauma?"

"Hakiumi."

"Sasa unalia nini?"

"Hakiumi, shemeji. Nimepanda mpaka juu na hakiumi."

Alinitazama. Kisha nikaona ameelewa. Aliweka beseni chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika, akakaa juu ya saruji kando yake, akafunika uso kwa vile vidole vilivyopasuka. Mtu ambaye hakutoa chozi benchini wala mazishini alilia kwa sauti, mchana kweupe, na majirani wanasikia.

Nilikaa karibu naye. Baadaye tukaanika mashuka.